Seli Niliyoiita kwa Jina Lisilo Lake

Kila jioni baada ya chakula, mama alikuwa akimpa kaka yangu kidonge kimoja cheupe cha fenobabitoni na kikombe cha maji, kisha akisimama pembeni yake mpaka ahakikishe kwamba kimemezwa. Tuliishi Mahenge, katika milima ya Wilaya ya Ulanga mkoani Morogoro, mahali ambapo kifafa kimewasumbua watu wengi kwa muda mrefu. Ndiyo maana daktari mzaliwa wa Norway, Louise Jilek-Aall, alianzisha huko huduma ya wagonjwa wa kifafa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na ndiyo maana watafiti wa miaka ya karibuni wamekwenda kuchunguza uhusiano wa ugonjwa huo na usubi, yaani maradhi ya minyoo yanayoenezwa na inzi wadogo wa kwenye mito iendayo kasi. Kaka alianza kuanguka akiwa na umri wa miaka 12. Alikatazwa kukaa karibu na mafiga na kwenda mtoni peke yake, lakini katazo hilo lilikuja baada ya moto kwisha kumwachia kovu refu kwenye mkono wa kushoto. Kidonge kilipunguza kuanguka, hakikukomesha, na asubuhi kilimfanya asinzie darasani. Mimi nilikuwa na miaka minane, na nilikuwa na swali moja ambalo sikumuuliza mtu yeyote: kidonge kile kikishafika kichwani, kinajuaje mahali pa kwenda?

Ukweli ni kwamba hakijui. Fenobabitoni husambaa katika ubongo mzima. Hushika vipokezi vya kemikali iitwayo GABA, ambavyo ni vilango vidogo kwenye utando wa seli za neva, na vilango hivyo vikifunguliwa na GABA, dawa huvifanya vikae wazi kwa muda mrefu zaidi, ioni za kloridi ziingie, na seli iliyokuwa karibu kulipuka kwa umeme itulie. Lakini GABA yenyewe haitoki hewani. Inamwagwa na nyuroni, yaani seli za neva, za aina maalumu, nyuroni zuizi, ambazo katika gamba la ubongo, yaani sehemu yake ya nje, ni chache, kati ya asilimia 10 na 20 hivi ya nyuroni zote, nazo hazifanani zenyewe kwa zenyewe hata kidogo. Nilipojifunza jambo hili nikiwa mwanafunzi wa chuo kikuu, nilihisi kwamba kidonge cha kaka yangu kilikuwa kama mvua inayonyeshea kijiji kizima kwa sababu nyumba moja inaungua, na nikataka kuijua nyumba hiyo. Miaka michache baadaye nilipata nafasi ya masomo ya uzamivu katika maabara moja nchini Ujerumani, na huko ndiko nilikofanya kosa ninalotaka kulieleza hapa.

Kazi yangu ilikuwa kurekodi umeme wa nyuroni moja moja katika vipande vya ubongo wa panya. Panya hupewa dawa ya usingizi mzito, ubongo hutolewa haraka na kutumbukizwa katika maji ya chumvi yenye ubaridi wa barafu, kisha hukatwa vipande vya unene wa mikromita 300. Vipande hivyo vikiwekwa katika maji yanayopitishwa gesi ya oksijeni asilimia 95 na kaboni dioksidi asilimia 5, huendelea kuishi kwa saa kadhaa. Sikuwahi kuizoea hatua ya kwanza, wala sidhani kwamba mtu anapaswa kuizoea. Kila asubuhi ya jaribio nilijua kwamba mnyama ametoa uhai wake, na kwamba njia pekee ya kuuheshimu ni kutopoteza seli kwa uzembe.

Njia ya kurekodi niliyoitumia iliasisiwa mwaka 1976 mjini Göttingen na Erwin Neher na Bert Sakmann, waliotunukiwa Nobel kwa kazi hiyo mwaka 1991. Unachukua kibomba cha kioo chenye ncha ya upana wa mikromita moja au mbili, unakijaza maji ya chumvi na waya wa fedha, na unakishusha taratibu chini ya hadubini huku ukipuliza kidogo kupitia mpira ulioushika mdomoni, ili ncha isizibe. Ncha ikifika kwenye seli, utando hubonyea, na huonekana kama kidimbwi chenye mng'ao. Hapo unaacha kupuliza na kuanza kuvuta pumzi polepole sana, utando hunasa kwenye kioo, na ukinzani wa umeme unaosomeka kwenye skrini hupanda kutoka megaomu chache hadi kupita gigaomu moja. Ukivuta tena, kwa mkato, utando hupasuka bila kioo kuachia, na sasa uko ndani ya seli: skrini inasoma milivolti 70 chini ya sifuri, au karibu na hapo. Mara yangu ya kwanza kufanikiwa ilikuwa baada ya wiki saba za kujaribu, na nilikaa kimya kabisa kwa sababu niliogopa kwamba hata kusema kutaitikisa meza.

Ukiwa ndani, unaipa seli umeme kidogo na kusikiliza inavyojibu. Ninasema kusikiliza kwa maana yake halisi, kwa sababu tulikuwa tumeunganisha mashine na spika. Seli ya piramidi, ambayo ni nyuroni chochezi, huanza kupiga haraka, yaani kutoa milipuko mifupi ya umeme, kisha hupunguza mwendo, kama mtu aliyeanza kupanda mlima na gunia kichwani. Lakini kuna nyuroni zuizi ambazo hupiga mipigo myembamba isiyofika nusu ya milisekunde, zaidi ya mia kwa sekunde, bila kuchoka. Nilipoisikia sauti hiyo kwa mara ya kwanza nilisema kwa Kiswahili, mbele ya watu wasiokijua, kwamba hiyo ni cherehani. Kaka yangu alikuwa amekuwa fundi cherehani, kwa sababu ni kazi ya kukaa, mbali na moto na maji, na sauti ya pedali yake ndiyo niliyoiacha nyumbani.

Seli zipigazo kwa mtindo huo kwa kawaida hubeba protini iitwayo pavalbumini. Katika gamba la ubongo la panya, zenye pavalbumini ni kama asilimia 40 ya nyuroni zuizi zote, zenye peptidi (protini fupi) iitwayo somatostatini ni kama asilimia 30, na zilizobaki zinajumuisha zile zinazotengeneza peptidi iitwayo VIP. Kwa hiyo nilijiwekea kanuni nyepesi: seli ikipiga kama cherehani niliiandika katika kundi la pavalbumini, na isipopiga hivyo niliiandika katika kundi la pili. Kwa miezi 14 nilikusanya seli 47 nilizoridhika nazo, nikaanza kuchora majedwali na hata kumwandikia msimamizi wangu rasimu ya sura ya kwanza.

Kila seli niliyoirekodi nilikuwa nimeijaza kemikali iitwayo biositini, inayosambaa hadi ncha za matawi yote ili baadaye seli itiwe rangi na umbo lake lionekane. Kazi ya kutia rangi niliiahirisha, kwa sababu ni ya kuchosha na nilidhani kwamba majibu ninayo tayari. Nilipoifanya hatimaye, usiku mmoja nikiwa peke yangu kwenye hadubini, nilifika kwenye seli ya 23, iliyokuwa katika kundi la pili. Aksoni yake, yaani uzi unaopeleka mipigo kwa seli nyingine, ilikuwa imetoka na kugawanyika mara nyingi, na kila tawi lilikuwa limeizunguka seli jirani kwenye kiwiliwili chake kwa vifundo vidogo vidogo, kama ukili unavyolizunguka tenga. Hiyo ni seli kikapu, na hakuna anayesoma ubongo asiyeijua kwa macho. Seli kikapu ya namna hiyo ilipaswa kupiga kama cherehani. Yangu ilipiga mipigo mipana, ya polepole. Nikaangalia seli ya 24, iliyorekodiwa siku hiyohiyo: nayo vilevile. Nikarudi kwenye daftari na kuona kwamba seli zilizokosa kulingana na maumbo yake zimesongamana katika majuma fulani fulani.

Ilituchukua siku tatu kupata sababu. Maji yanayopita juu ya kipande cha ubongo yanapaswa kuwa na joto la nyuzi 33 hivi, kwa sababu milango ya umeme katika utando wa seli hufunguka na kufunga polepole joto likishuka, na upana wa mpigo unaweza kuongezeka maradufu katika maji yenye joto la chumba. Kihisi joto chetu kilikuwa kimeteleza kutoka ndani ya maji na kulalia bomba la chuma linalopashwa moto. Kompyuta iliandika nyuzi 33 kila dakika kwa uaminifu wake wote, huku seli zangu zikiogelea katika nyuzi 24. Msimamizi wangu alichukua kipimajoto cha kawaida cha kioo, akakitia majini, akasoma, kisha akaniuliza swali moja tu: "Wewe mwenyewe ulikitia mkono lini kihisi hiki?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeiangalia namba kwa miezi 14 bila kuuangalia mkono unaoiandika.

Kosa lilikuwa langu na sikujaribu kumpa mwingine. Kilichoniumiza zaidi ni kwamba sikuweza kusema kihisi kiliteleza siku gani, na kwa hiyo kila seli ikawa mshukiwa. Kati ya 47, zilizotiwa rangi vizuri kiasi cha kuhukumiwa upya kwa umbo zilikuwa 19. Nyingine 28 niliziondoa. Niliziandika majina na tarehe katika ukurasa mmoja wa daftari na kuziacha hapo, pamoja na idadi ya panya waliohusika.

Baada ya aibu hiyo niliamua kutumia rangi. Kuna panya waliobadilishwa jeni ili seli zenye kutumia jeni ya pavalbumini zing'ae nyekundu chini ya taa, na niliona kwamba nikichagua nyekundu tu sitakosea tena. Juma la pili nilishika seli nyekundu katika tabaka la tano, nene, yenye dendriti, yaani tawi la kupokelea habari, iliyonyooka kuelekea juu, na spika ikatoa sauti ya mpandaji mlima. Ilikuwa seli ya piramidi. Wenzangu waliokuwa wamefanya kazi na panya hao kwa muda mrefu hawakushangaa, kwa kuwa inajulikana kwamba baadhi ya seli za piramidi za tabaka la tano huitumia jeni hiyo kidogo, kiasi cha kutosha kuwasha rangi. Nilikuwa nimekimbia kutoka kwa shahidi mmoja asiyetosha na kwenda kwa mwingine.

Hapo ndipo nilipoanza kuwasoma wazee wa fani hii kwa makini kuliko nilivyokuwa nikiwasoma kwa ajili ya mtihani. Camillo Golgi aligundua mwaka 1873 njia ya kutia seli rangi nyeusi kwa nitrati ya fedha, na uzuri wa njia hiyo ni kwamba hupaka seli chache tu kati ya nyingi, ili kila moja ionekane peke yake kama mti kwenye uwanda. Santiago Ramón y Cajal, kuanzia mwaka 1888, aliitumia njia ya Golgi kuonyesha kwamba ubongo umejengwa kwa seli zilizotengana, ilhali Golgi mwenyewe aliamini kwamba ni wavu mmoja uliounganika. Waligawana Nobel mwaka 1906, na katika hotuba za tuzo hiyo kila mmoja alishikilia msimamo wake. Watu wawili walitazama rangi ileile na kuona ubongo tofauti. Nilikuwa nimesoma kisa hicho mara nyingi kama hadithi ya mshindi na mshindwa, lakini nilipokisoma nikiwa na ukurasa wangu wa seli 28, nilimwonea Golgi huruma, kwa sababu najua sasa jinsi ilivyo rahisi kuamini kile ambacho chombo chako kinakionyesha vizuri.

Siku hizi kuna chombo cha tatu chenye nguvu kuliko umbo na umeme, nacho ni kusoma RNA ya seli moja moja, yaani kujua kila seli inatumia jeni zipi kwa wakati huo. Mwezi Desemba 2023 ilitolewa ramani ya ubongo mzima wa panya iliyotokana na mamilioni ya seli, na waandishi wake, wakiongozwa na taasisi ya Allen ya Seattle, walizigawa katika makundi 5,322. Miezi miwili kabla ya hapo, ramani ya ubongo wa binadamu iliyotokana na seli zaidi ya milioni 3 ilitoa makundi madogo 3,313. Namba hizi hunukuliwa kana kwamba mtu amehesabu mbuzi zizini. Mimi huzichukulia tofauti. Nyumbani kwetu, maembe yakiiva, bibi alikuwa na njia yake ya kuyatenga: dodo huku, boribo kule, sindano pale. Mchuuzi aliyekuja na baiskeli aliyatenga upya kwa kuangalia lipi litafika sokoni kabla ya kuoza, na sisi watoto tulitenga kwa nyuzi zinazobaki kwenye meno. Mafungu yalipolingana, kwa mfano dodo likiwa dodo kwa bibi, kwa mchuuzi na kwa mtoto, hakuna aliyebishana. Yalipotofautiana, ubishi haukuwa wa kijinga hata kidogo, kwa sababu kila mmoja alikuwa ameshika jambo la kweli kuhusu tunda. Aina ya seli ni dai la namna hiyo. Huwa na nguvu pale umbo, umeme, jeni na miunganiko vinapotoa fungu lilelile, na mahali visipolingana ndipo kazi iliyobaki ilipo. Tena, ramani ile ya binadamu ilitokana na bongo za watu watatu waliozitoa baada ya kufa. Siidharau kwa hilo, maana kazi ilikuwa kubwa mno, lakini mtu wa Mahenge anayo haki ya kukumbuka kwamba watatu ni watatu.

Kuanzia mwaka 2016 kumekuwa na njia ya kuyakutanisha mashahidi: unarekodi umeme wa seli, unaijaza biositini, kisha kwa kibomba kilekile unavuta kiini na uji wake na kusoma RNA yake. Nilijifunza njia hiyo katika mwaka wangu wa tatu. Ni ngumu kuliko kurekodi peke yake, na mavuno yake ni machache, kwani siku nzima unaweza kupata seli mbili zilizokamilika. Lakini kila seli kati ya hizo mbili ilikuwa na ushahidi wa pande tatu, na nilipozilinganisha na zile 19 zilizookoka, nilipata usingizi.

Swali la miunganiko ndilo lililobadilisha namna ninavyofikiri, na hapa ningependa kukaa kidogo. Seli kikapu huizuia seli ya piramidi kwenye kiwiliwili chake, karibu na pale mpigo unapoanzia. Kuna dada yake, seli inayoitwa kwa jina la taa ya thuria kwa sababu vifundo vya aksoni yake huning'inia kwa mistari kama mishumaa, ambayo hushika mwanzo wa aksoni penyewe, mahali hasa mpigo unapozaliwa. Seli nyingi za somatostatini hupanda hadi tabaka la juu na kuzuia ncha za dendriti, kule habari zinakoingilia. Zile za VIP hufanya jambo ambalo lilinishangaza nilipoliona kwa macho yangu: sehemu kubwa ya kazi yake ni kuzizuia seli za somatostatini. Humzuia mzuiaji, na kwa hiyo piramidi hupata uhuru. Maabara kadhaa zilionyesha mpango huu mwaka 2013, na mwaka uliofuata ikaonyeshwa kwamba panya anapoanza kukimbia, seli zake za VIP katika eneo la kuona huamka.

Mimi niliuona kwenye kipande cha ubongo chenye upana mdogo kuliko ukucha. Seli za VIP zilikuwa zimepandikizwa protini ya mwani inayofungua mlango wa umeme ikipigwa na mwanga wa buluu, njia ambayo imetumika kwenye nyuroni tangu mwaka 2005. Nilishika seli ya somatostatini na kuifanya ipige mfululizo, kisha nikawasha mwanga kwa milisekunde 2. Mipigo ikakatika, pengo likaonekana kwenye skrini, ikaendelea. Nikawasha tena, pengo likarudi mahali palepale. Nilirudia mara 30. Kwenye spika ilisikika kama mtu anayezungumza na kuguswa bega kila baada ya neno la tatu. Nilichokuwa nacho mbele yangu hakikuwa tena seli mbili zenye majina. Kilikuwa kipande cha saketi, na jina la kila seli lilikuwa limepata maana kwa sababu ya yule inayemgusa.

Ndiyo sababu ninazithamini sana ramani za miunganiko zinazochorwa kwa hadubini ya elektroni. Ya kwanza, ya mnyoo mdogo mwenye nyuroni 302, ilitolewa mwaka 1986 baada ya miaka mingi ya kufuatilia nyuzi kwa mkono. Mwezi Oktoba 2024 ilitolewa ya ubongo mzima wa inzi jike wa matunda: nyuroni 139,255, sinapsi, yaani viungo ambapo nyuroni hupashana habari, zaidi ya milioni 50, na aina za seli zaidi ya 8,400. Mwezi Aprili 2025 ikaja ya milimita moja ya ujazo ya gamba la kuona la panya, punje ya mchanga yenye seli zaidi ya 200,000, sinapsi milioni 523, na aksoni ambazo zikinyooshwa zingefika kilomita 4 hivi. Kazi ya kuzifuata nyuzi sasa hufanywa na akili mnemba, lakini mashine hukosea: hukata aksoni pale picha ilipofifia, au huunganisha nyuzi za seli mbili zilizogusana. Watu huketi na kusahihisha. Nilijitolea kufanya kazi hiyo kwa majuma sita katika mradi wa maabara jirani, na siku moja nilitumia saa nne kuamua kama uzi mmoja unapita kushoto au kulia ya seli ya glia, yaani seli saidizi isiyo nyuroni. Nilikaa nao kwa saa zote hizo bila kinyongo, kwa sababu nilikwisha kuona kihisi kilichoteleza kinavyoweza kugharimu.

Kipande cha binadamu kilichochunguzwa kwa njia hiyo na kutangazwa mwaka 2024 kina seli zipatazo 57,000 na sinapsi milioni 150. Kilitoka kwa mwanamke wa miaka 45 aliyekuwa akifanyiwa upasuaji kwa sababu ya kifafa. Kilikuwa kwenye njia ya kufikia sehemu yenye ugonjwa, na badala ya kutupwa kikatolewa kwa sayansi. Ninapoziangalia picha zake, namfikiria yeye kwanza, kisha seli.

Na kifafa ndicho kinachoonyesha kwa nini majina haya si mambo ya kupanga kabati. Mwaka 1978 daktari wa Ufaransa, Charlotte Dravet, alieleza kifafa kikali kinachoanza katika mwaka wa kwanza wa maisha, mara nyingi kwa degedege la homa. Mwaka 2001 ikajulikana kwamba kinahusiana na hitilafu katika jeni ya SCN1A, inayotengeneza mlango wa sodiamu. Jambo hili lilitatiza, kwa sababu mlango wa sodiamu ndio unaoanzisha mpigo wa nyuroni: ukipungua, ubongo ungepaswa kutulia, usilipuke. Mwaka 2006 majaribio ya panya yakatoa jibu. Mlango huo maalumu hutegemewa zaidi na nyuroni zuizi, zikiwemo zile za pavalbumini. Hitilafu haikuwa imepunguza moto. Ilikuwa imewadhoofisha wazimaji. Na hapo ikaeleweka jambo ambalo madaktari walikuwa wakiliona bila kulielewa, kwamba kabamazepini, dawa nzuri inayowasaidia wagonjwa wengi wa kifafa kwa kuziba milango ya sodiamu, kwa mtoto wa aina hii huzidisha degedege, kwa kuwa inawamaliza nguvu wazimaji waliokwisha kudhoofika. Ni dawa ileile na ubongo uleule, na tofauti yote iko katika kujua ni seli ipi.

Kifafa cha kaka yangu si cha Dravet; kilianza akiwa mkubwa, na anaendelea na vidonge vyake kama alivyoelekezwa kliniki. Nilipokwenda nyumbani baada ya kumaliza masomo, nilimkuta barazani akishona sare za shule. Nilimwamkia, nikakaa kwenye mkeka, na baadaye nikatoa simu na kumsikilizisha rekodi ya seli ya pavalbumini, iliyorekodiwa katika nyuzi 33 zilizopimwa kwa mkono wangu. Aliinua mguu kwenye pedali, akainamisha kichwa na kusikiliza mpaka mwisho, akaniomba nirudie.

"Huyu anashona haraka kuniliko," alisema. "Uzi wake haukatiki?"

"Kwa watoto wengine unakatika, kaka," nilimjibu. "Wanaanza vizuri, kisha katikati unakatika."

Akaniuliza unakatikia wapi, kwenye sindano au kwenye bobini. Nikasogea karibu na cherehani, tukainua kifuniko, na nikaanza kumweleza.